Otomani ya zamani au mpya? Tazama kwanza kisichotengenezeka

Swali: Tumehamia nyumba yenye sebule ya wastani na tunataka kununua kiti kimoja kikubwa cha ngozi pamoja na otomani ya kuwekea miguu. Tumepata vitu viwili vya kuchagua. Cha kwanza ni kiti na otomani yake vya mtindo wa miaka ya 1960, kama anavyosema muuzaji. Ngozi yake ya hudhurungi imepauka, ina mikunjo mingi, na kikalio kimebonyea. Cha pili ni seti mpya iliyoandikwa "ngozi halisi", laini, isiyo na doa hata moja. Nyumbani tuna watoto wawili na paka. Mume wangu anaogopa cha zamani kwa kuwa kimechakaa. Mimi naogopa kipya kwa kuwa sijui kilichomo ndani. Tuamue vipi?

Jibu: Ndugu msomaji, hofu zenu zote mbili zina msingi, ila kuchakaa peke yake hakusemi jambo lolote mpaka mjue ni nini hasa kilichochakaa. Katika kiti cha ngozi kuna vitu ambavyo fundi wa samani aliye makini anaweza kuvitoa na kuweka vingine: sponji, mikanda inayobeba kikalio, springi, uzi wa mishono, na mara nyingi hata rangi. Kuna vingine ambavyo vikifa vimekufa: ngozi iliyooza kutoka ndani, ngozi ya kusagwa iliyoanza kumenyuka, na fremu ya chenga za mbao iliyoachia kwenye viungo. Mimi huanza ukaguzi wangu na kundi hili la pili. Kikalio kilichobonyea, ambacho nadhani ndicho kinachomtisha zaidi mumeo, ni kazi ya kawaida ya karakana. Lakini doa dogo la kumenyuka nyuma ya mkono wa kiti kipya linaweza kuwa dalili ya hasara isiyo na tiba.

Nianze na hicho kipya, kwa sababu ndicho kilicho rahisi kudanganya macho. Ngozi mbichi ya ng'ombe ina unene wa milimita kadhaa, nao ni mkubwa mno kwa kuvishia kiti, kwa hiyo kiwandani hupasuliwa kwa mashine na kuwa matabaka. Tabaka la juu, lile lililoota nywele, lina nyuzi zilizosukana na kubanana sana, na sehemu kubwa ya nguvu ya ngozi imo humo. Ngozi nzuri ya viti hutoka huko, ikiwa na unene wa karibu milimita moja au zaidi kidogo. Tabaka la chini lina nyuzi zilizolegea. Likipakwa plastiki na kugongwa chapa ya vinyweleo vya bandia hung'aa dukani kama lile la juu, lakini likikaliwa hunyumbuka bila kurudi, na hupasuka mapema pale linapokunjwa. Halafu kuna ngozi ya kusagwa: mabaki ya kiwandani husagwa, huchanganywa na gundi, hutandazwa juu ya kitambaa, kisha hufunikwa kwa plastiki iliyopigwa chapa. Vyote vitatu vimetokana na ngozi ya mnyama, na kwa hiyo muuzaji anayebandika maneno "ngozi halisi" huenda hasemi uongo; amekunyima tu lile neno moja ulilolihitaji, yaani tabaka gani.

Ngozi ya kusagwa ndiyo inayoniletea wateja wenye huzuni kuliko nyingine zote. Kwa miaka michache ya mwanzo huwa nzuri, kisha siku moja ganda la juu hupasuka pale kichwa kinapoegemea au kisigino kinapokaa, na baada ya hapo humenyuka vipande vipande vinavyonata kwenye nguo. Hapo hakuna rangi wala gundi itakayosaidia, kwa kuwa kinachoachia ni lile tabaka ambalo rangi ingepaswa kulishika. Ngozi bandia ya plastiki tupu ina ugonjwa unaofanana na huo, na joto lenye unyevu huuharakisha. Otomani huathirika kabla ya kiti, maana visigino huikandamiza mahali palepale kila jioni, tena vikiwa na jasho na mafuta ya mwili.

Utazitambuaje? Usihangaike na harufu, kwa sababu harufu ya ngozi hutengenezwa na kupulizwa kama manukato. Wala usikubali lile jaribio la kiberiti. Utaharibu mali ya mtu na bado hutapata jibu la uhakika, kwa vile ngozi nyingi za kweli nazo zina plastiki juu. Geuza otomani chini juu, au fungua zipu ya mto wa kikalio, ukatafute mahali ambapo ngozi imeishia bila kukunjwa. Upande wa nyuma wa ngozi ya kweli ni wa nyuzinyuzi zisizo na mpangilio, kama mahameli iliyochakaa. Ukiona kitambaa kilichofumwa kwa mistari iliyonyooka, hiyo si ngozi ya kipande kimoja. Kisha tazama uso wake kwa karibu. Vinyweleo vya mnyama havilingani: shingoni kuna mikunjo, tumboni kumelegea, na huenda pakawa na kovu la mwiba au la kupe. Chapa ya mashine hujirudia, na ukifuatilia kwa kidole utaukuta mkunjo uleule umetokea tena mbele kidogo. Mwisho, muulize muuzaji kwa maneno yaliyonyooka kama ngozi imezunguka kiti chote au imewekwa tu pale mwili unapogusa, huku ubavuni na mgongoni pakiwa na plastiki ya rangi hiyohiyo. Mpango huo wa pili si wizi ukiwa umeelezwa na bei imeufuata, lakini baada ya muda pande hizo mbili hupauka kwa namna tofauti, na kiti huonekana kama kimeshonwa kutokana na viti viwili.

Mkisharidhika kuwa ni ngozi ya tabaka la juu, linabaki swali la jinsi ilivyomaliziwa, na kwenu ninyi wenye watoto na paka swali hili lina uzito kuliko la umri. Ngozi ya anilini hutiwa rangi inayopenya hadi ndani bila kuwekewa ganda la juu. Huonyesha kila kinyweleo, hupata joto la mwili upesi, na kwa kuitazama ni nzuri kuliko zote. Pia hunywa kila kinachoimwagikia. Ngozi iliyopakwa rangi ya juu ina ganda jembamba linalozuia maji na uchafu, na kati ya hizo mbili ipo nusu anilini, yenye ganda jepesi zaidi. Jaribio lake ni dogo: omba ruhusa, weka tone moja la maji mahali palipojificha, subiri dakika moja. Tone likizama na kuacha kivuli cheusi, hiyo ni anilini au ganda lake limeshakwisha. Likibaki juu kama umande kwenye jani la mgomba, ina kinga. Kwa nyumba yenye maziwa, kalamu na makombo, ningechukua iliyopakwa rangi bila kusita, na nyumba ikishakuwa ya watu wazima tupu ndipo ningefikiria anilini. Zile zenye uso wa manyoya mafupi kama mahameli, yaani nubaki na swedi, ziacheni kabisa. Kuhusu paka, hakuna ngozi inayoshinda kucha zake, ila uso laini uliovutwa ukabana humpa nafasi ndogo ya kukwangua, na mkwaruzo usio wa kina kwenye ngozi iliyopakwa unaweza kujazwa na kupakwa tena.

Sasa kile cha zamani. Kwanza, tenganisheni mwaka wa mtindo na mwaka wa kiti chenyewe. Kiti maarufu cha Charles na Ray Eames pamoja na otomani yake kilitolewa na kampuni ya Herman Miller mwaka 1956 na bado kinatengenezwa. Kile cha Barcelona cha Ludwig Mies van der Rohe na Lilly Reich kilibuniwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1929, nacho bado kinauzwa kikiwa kipya. Kwa hiyo muuzaji akisema "kiti cha 1956" anaweza kuwa anakusudia kiti kilichotoka kiwandani mwaka uliopita, au nakala iliyotengenezwa na watu wengine kabisa. Tazameni chini kama pana lebo au muhuri, na mtazame vifaa: skrubu za kichwa cha msalaba zilienea kuanzia miaka ya 1930, kwa hiyo kiti kinachodaiwa kuwa cha kabla ya hapo lakini kimefungwa kwa skrubu hizo kina maelezo ya kutoa. Na kama mbao zake ni za mrosewudi wa Brazili, uliotumika katika viti vingi vya kifahari vya katikati ya karne iliyopita, fahamuni kuwa mti huo umo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, tangu 1992, na kiti kama hicho hakivuki mpaka wa nchi bila vibali. Watu wameshapoteza viti bandarini kwa kutojua jambo hilo.

Halafu ngozi yenyewe. Mkunjo na ufa ni vitu viwili. Mkunjo ni alama ya kukaliwa. Ukiuvuta kwa vidole viwili unafunguka na chini yake ngozi ni nzima. Ufa ukiuvuta huonyesha nyuzi zilizokatika, mara nyingi zenye rangi iliyofifia kuliko uso. Kupauka pia si ugonjwa. Ni jua lililopita dirishani miaka mingi, na rangi inaweza kurudishwa alimradi nyuzi bado zina uhai. Ili kujua kama zina uhai, tafuteni ukingo uliolegea chini ya kikalio, mkunje taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada. Ngozi hai hukubali na kurudi. Ngozi iliyokufa hutoa mlio mdogo kama karatasi ngumu na kuacha mstari.

Pitisheni pia kitambaa cheupe kikavu juu ya ngozi. Kikitoka na unga mwekundu kama wa tofali, huo ndio ugonjwa ambao mafundi huuita kuoza kwa rangi nyekundu. Huzikumba hasa ngozi zilizodabaghiwa, yaani zilizotengenezwa zisioze, kwa maganda ya miti, ambazo kwa miaka mingi zimefyonza gesi za salfa za hewani zikageuka tindikali ndani ya nyuzi. Kuna dawa za kuigandisha isiendelee kumeguka, na makavazi huzitumia kwa majalada ya vitabu, lakini nguvu ya ngozi hairudi na kiti hicho hakifai kukaliwa. Habari njema kwenu ni kwamba udabaghi wa chumvi za kromiamu, ulioanza kuenea viwandani mwishoni mwa karne ya 19, ulikuwa umeshatawala kufikia miaka ya 1960, na ngozi zake haziugui hivyo kwa urahisi. Kwa kiti cha umri huo adui mnayepaswa kumtafuta ni jua, ukavu, na mafuta ya nywele kwenye kiegemeo na ya mikono pale viganja vinapokaa. Paguseni hapo kwanza; pakiwa panata au pamelainika kupita kiasi, ganda limeshaliwa.

Kubonyea kwa kikalio nimesema si jambo la kutisha, ila mjue kinachosababisha. Sponji ya poliuretani iliingia kwa wingi kwenye samani baada ya miaka ya 1950, na haikuumbwa idumu nusu karne. Niliwahi kuletewa kiti ambacho mwenyewe alilalamika kuwa kinamwaga mchanga sakafuni. Nilipoinua kitambaa cheusi kilichopigiliwa chini, sponji ilikuwa imegeuka unga wa rangi ya chungwa, na iliyobaki ilinata vidoleni kama asali iliyokauka. Mikanda ya mpira iliyokuwa ikiibeba ilikatika nilipoivuta, kama tyubu ya baiskeli iliyoachwa juani. Ngozi juu yake ilikuwa nzima. Tulisafisha, tukabadilisha mikanda, tukaweka sponji mpya, na kiti kikarudi kwa mwenyewe. Mkifika hatua hiyo, mwambieni fundi ataje uzito wa sponji kwa mita ya ujazo. Kwa kikalio cha kila siku kilo 30 hadi 35 au zaidi ni kiwango cha kuanzia, na msikubali kuambiwa tu kuwa ni "ngumu", maana ugumu na uzito ni vipimo tofauti, na sponji nyepesi inaweza kuwa ngumu leo na kulala baada ya miezi michache.

Fremu hupimwa kwa mikono. Inueni mguu mmoja wa mbele wa kiti kiasi cha sentimita 15 hivi. Mguu wa pili wa mbele unapaswa kuwa umeshanyanyuka nao. Ukibaki umekanyaga sakafu, fremu inajisokota na viungo vimelegea. Shikeni mikono ya kiti mwisukume nje na ndani. Mlio mkavu wa gundi iliyoachia si mwisho wa dunia kama mbao ni ngumu na viungo ni vya ulimi na tundu, kwa sababu hufunguliwa, husafishwa na kuunganishwa upya. Ikiwa chini ya kitambaa mnaona mbao za chenga zilizogandishwa, zikiwa zimefungwa kwa pini tupu, msijisumbue, kiwe kipya au cha zamani.

Otomani watu huinunua mwisho, kama nyongeza, na hapo ndipo wanapokosea. Kipimo cha kwanza ni kimo: uso wake ulingane na kikalio cha kiti au uwe chini yake kwa sentimita mbili hadi tano, baada ya sponji kubonyezwa na mtu aliyekaa. Ikizidi kikalio, nyuma ya paja huinuka. Mtu hukaa dakika kumi akaondoka bila kujua kwa nini hakustarehe. Viti vya zamani mara nyingi ni vya chini kuliko vya sasa, ambavyo vikalio vyake huwa sentimita 40 hadi 45 kutoka sakafuni, kwa hiyo msinunue otomani ya duka moja kwa kiti cha jingine bila kubeba utepe wa kupimia. Acheni sentimita 40 hivi kati ya kiti na otomani isipotumika, na njia ya watu isiyopungua 75. Ikiwa itatumika pia kama meza, sponji yake iwe ngumu kuliko ya kiti, na vikombe vikae juu ya sinia pana, kwani duara la kikombe cha moto kwenye ngozi halifutiki.

Kwa watoto, otomani ya ngozi ni salama kuliko meza ya kioo yenye kona, alimradi msichukue ile yenye sanduku ndani na kifuniko kizito kinachoanguka ghafla. Ifungueni dukani hadi nusu mwiachie: kifuniko kinapaswa kubaki hapo au kushuka polepole. Vifungo vilivyozamishwa, kama vya mtindo wa Chesterfield, vinapendeza, lakini kila kishimo ni ghala la makombo, na ngozi hukunjika kwenye kona za vishimo hivyo. Kumbukeni pia gharama ya kuvisha upya. Matakia ya kiti cha Barcelona yameungwa kwa vipande vingi vya mraba vilivyokatwa kimoja kimoja, na kazi ya kuyarudia hailingani hata kidogo na ya kikalio cha ngozi tambarare. Pufu za Moroko, zile za duara zisizo na fremu, ni nyepesi na watoto huzipenda, ila nyingi ni za ngozi nyembamba ya mbuzi, na rangi ya nyingine huhamia kwenye soksi nyeupe. Zisugueni kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kulipa.

Matunzo ni mafupi. Vumbi lifutwe kwa kitambaa laini kila wiki, kitu kikimwagika kifyonzwe mara moja bila kusugua, na losheni ya ngozi za viti ipakwe mara moja au mbili kwa mwaka. Mafuta ya kupikia, sabuni ya sahani na vile vitambaa vya kufutia watoto vikae mbali nayo. Jua la moja kwa moja na hita ni wabaya kuliko paka wenu.

Kwa maelezo mliyonipa, ningeenda kwanza kwenye kile cha zamani nikiwa na kitambaa cheupe, utepe wa kupimia na tochi. Kitambaa kikitoka safi, ukingo ukikunjika bila kulia na fremu isipojisokota, kichukueni kiti hicho na mtenge fedha ya sponji na mikanda kama sehemu ya bei yake. Otomani yake ikaguliwe peke yake, isiingie kwa mgongo wa kiti; mara nyingi ndiyo iliyoliwa zaidi, na watoto wenu wataipanda. Ikiwa imekufa, nunueni mpya ya ngozi ya tabaka la juu iliyopakwa rangi, na hapo msijaribu kuifananisha na hudhurungi iliyopauka ya kiti. Rangi inayokaribiana bila kulingana huonekana kama kosa, lakini otomani iliyokoza kwa vivuli viwili au vitatu huonekana imechaguliwa hivyo, na visigino vya watoto haviachi alama upesi juu yake.